Jicho Lisilolala la Naibu Mwalimu Mkuu

Jumatatu, 3 Februari

Siku kubwa. Mkuu ametangaza kamati ya usalama wa shule. Ilikuwa lazima. Wiki iliyopita mtu asiyejulikana alipita langoni na tai shingoni, mlinzi akampigia saluti, akaingia ofisi ya walimu, akanywa chai, akaondoka na laptopu mbili za shule kwapani. Aliyemkaribisha chai ni mimi. Nilidhani ni mkaguzi. Lakini nilimkaribisha kwa macho makali, na kama ningeulizwa rangi ya tai yake ningejibu papo hapo. Hakuna aliyeniuliza.

Mkuu alituambia mkutanoni kwamba laptopu hazimnyimi usingizi. Kinachomnyima usingizi ni kwamba mtu yule, kabla ya chai, alisimama mlangoni pa darasa la kwanza akiwatazama watoto, na hakuna mtu mzima aliyemuuliza yeye ni nani. Hata mimi niliweka kalamu chini. Kitinda mimba wangu alisoma darasa hilo hilo.

Kisha akasema kamati itachagua teknolojia ya kuilinda shule. Nikanyoosha shati, tayari kusimama kama mwenyekiti. Mimi ni naibu mwalimu mkuu. Wanafunzi huniita Kamanda. Jina nililianzisha mwenyewe, lakini limeshika.

Uenyekiti akapewa mwalimu wa hisabati!

Mwanamke ambaye ukimwambia mvua inanyesha atauliza uthibitisho uko wapi. Tunamwita Bi Uthibitisho, naye hakasiriki, jambo ambalo lenyewe linatia shaka. Mimi ni mjumbe tu, sawasawa na mwakilishi wa wazazi, ambaye ni mwoka mikate na anapenda mikutano mifupi.

Bi Uthibitisho alisema tusianze na vifaa. Tuanze kujiuliza tunaogopa nini, na wapi, ndipo tutafute kifaa kinachofaa hofu hiyo. Nilitabasamu kwa upole. Wakati yeye anaorodhesha hofu, mimi nitakuwa nimeshafunga mitambo. Mkuu anastaafu mwisho wa mwaka. Kiti kile hakimfai mtu wa kuorodhesha.

Jumanne, 4 Februari

Baada ya kazi nilikwenda dukani kwa shemeji, kaka yake mke wangu. Shemeji anauza vifaa vya usalama. Mwaka jana aliuza vichujio vya maji, na kabla ya hapo magodoro yanayotibu mgongo. Mke wangu anasema mtu anayerukaruka hivyo haaminiki. Mimi namwona ni mtu mwenye upeo.

Duka lenyewe ni chumba kimoja. Kuta zimejaa kamera, zote zinakutazama. Nilijikuta nimesimama wima kama niko paredi.

Shemeji alinieleza kwamba kamera za watu wengine zinaona tu. Zake zinafikiri. Mtambo unaitwa Jicho. Unajifunza mienendo ya watu. Anayekwenda moja kwa moja na shughuli zake unamwacha. Anayejificha, anayezungukazunguka, anayechungulia, huyo unampiga picha, unampa alama za kutiliwa shaka na kutuma ujumbe kwenye simu. Mwishoni mwa kipindi unatoa ripoti wenyewe, bila mkono wa binadamu. Nikamuuliza kama kuna anayeweza kuibadilisha ripoti hiyo. Akasema kwa fahari kwamba haiwezekani kabisa, na huo ndio ubora wake. Nikafurahi mno. Kwa hiyo hata Bi Uthibitisho hataweza kuigusa.

Tumekubaliana majaribio ya bure. Shule ikipenda, inanunua kwake. Sitapata chochote mimi. Nitapata heshima tu, na heshima hailipiwi kodi.

Ruhusa ilikuwa kazi nyepesi. Nilimwambia Mkuu kwamba mwenyekiti wa kamati hana pingamizi na majaribio. Kisha nikamwambia mwenyekiti wa kamati kwamba Mkuu hana pingamizi. Hakuna aliyedanganywa. Wamepewa taarifa kwa mpangilio mzuri.

Jumatano, 5 Februari

Kamera zimefungwa. Langoni, uwanjani, kwenye veranda zote, nyuma ya vyoo kwa nje, penye tangi la maji. Chumba cha kuongozea nimekiweka kwenye stoo ya michezo, pembeni ya ofisi yangu. Skrini mezani, kiti chenye magurudumu, feni. Nyuma yangu magodoro ya sarakasi na mipira iliyokufa pumzi. Nimebandika karatasi mlangoni: HAIRUHUSIWI KUINGIA. Nikakaa. Shule nzima mbele ya macho yangu. Nilijisikia kama rubani.

Ujumbe wa kwanza uliingia kabla ya mapumziko. Mtu anajificha nyuma ya mti! Nikatoka mbio. Watoto wa darasa la pili wanacheza kujificha. Ukaingia wa pili, wa tatu, wa kumi. Wote kujificha. Nimepiga marufuku mchezo huo. Watoto wakabuni mwingine wa kusimama kimya bila kutikisika, na Jicho likaripoti watu arobaini wanaovizia.

Dosari ndogo ndogo. Kila kitu kipya kina ukaidi wake.

Mchana niligundua kwamba Bi Uthibitisho anafanya mbinu za chini chini. Anapita darasa hadi darasa akiwauliza watoto ni wapi hapa shuleni wanapoona hofu. Ilibidi nijue anachokusanya. Nikamfuata kwa umbali, nikasimama nyuma ya tangi la maji, baadaye chini ya dirisha la darasa la kwanza, baadaye nyuma ya kamba ya nguo za mpishi. Nimesikia yote. Watoto wanaogopa mlango wa darasa usiofungika kwa ndani. Wanaogopa kile kichochoro cha nyuma ya vyoo. Na mmoja, kasichana kenye kidoti shavuni, alisema anaogopa jioni, kwa sababu mtu yeyote anaweza kuja akasema yeye ni mjomba.

Basi. Hayo ndiyo yake. Mlango, kichochoro na mjomba. Nilirudi kwenye skrini zangu nikiwa mwepesi kama unyoya.

Ofisini aliniuliza mbele ya watu picha za watoto zinahifadhiwa wapi, zitafutwa lini, na nani ana ruhusa ya kuzitazama. Nikamjibu kwamba ni mimi peke yangu. Akasema hilo ndilo linalomtia wasiwasi. Walimu wakacheka. Nikacheka pia, kwa sauti kubwa kuliko wote, ili ionekane ni mzaha wangu.

Ijumaa, 7 Februari

Nilipiga hesabu hivi: mtambo hauwezi kung'ara kama hakuna mvamizi. Kwa hiyo nikaandaa mvamizi. Shemeji avae kofia na miwani ya jua, apenye, ajifichefiche kidogo. Jicho limnase, simu yangu ilie, mimi nitokee na kumkamata mbele ya darasa la saba. Mkuu angeona kwa macho yake.

Tatizo la shemeji ni kwamba ni mfanyabiashara. Hawezi kujificha. Aliingia kifua mbele, akampa mlinzi mkono na kadi yake ya biashara, mlinzi akampigia saluti, akapita uwanjani akiwasalimia walimu. Mwendo wa mtu asiye na shaka na maisha. Jicho halikusema neno. Mimi nimekaa nimeshika simu kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Kwenye veranda alikutana na Bi Uthibitisho. Akamuuliza yeye ni nani. Shemeji, ambaye hatukuwa tumemwandalia swali hilo, akasema ni mjomba wa mtoto. Mtoto gani? Akataja jina. Darasa gani? Akataja darasa. Bi Uthibitisho akafungua rejista, akasema hakuna mtoto wa jina hilo, akamwomba aketi kwenye benchi, naye akasimama mbele yake bila kupandisha sauti mpaka walimu wengine walipofika. Nimeambiwa shemeji alivua miwani mwenyewe.

Wakampeleka ofisini kwa Mkuu. Nami nikaitwa. Mkuu akaniuliza kama namfahamu mtu huyu. Hapo ndipo akili ya uongozi inapopimwa. Ningekubali, jaribio lingeonekana la kifamilia.

Nikasema, "Kwa sura tu."

Shemeji alinitazama kwa jicho ambalo sitaki kulielezea hapa.

Bahati mbaya mwoka mikate alikuwa ameleta mikate ya watoto. Akachungulia mlangoni, akasema huyu si yule shemeji yake naibu, aliyemuuzia godoro la mgongo? Na kwa kuwa amempata, angependa wazungumze kuhusu hilo godoro, maana tangu alilalie hawezi kuinama kufunga viatu. Mazungumzo yao yalikuwa marefu.

Nikamweleza Mkuu kwamba lilikuwa jaribio la siri la kamati. Mwenyekiti wa kamati akasema hana habari nalo. Nikamwambia ndiyo maana ni siri. Mkuu akauliza mtambo ulitoa tahadhari gani. Nikafungua simu. Ulikuwepo ujumbe mmoja: mtoto anafunga kamba ya kiatu kwa namna ya kutiliwa shaka.

Nimejifunza kwamba tatizo ni shemeji. Mtambo hauna kosa.

Jumamosi, 8 Februari

Mke wangu hanisemeshi. Kaka yake amemwambia maneno yangu mawili matatu ya ofisini. Chakula kimewekwa mezani kwa kishindo. Nilijaribu kumpaka mafuta kwa kumsifia pazia jipya. Pazia ni la zamani.

Jioni alizima cherehani akaniambia kitu kimoja tu. "Baba watoto, wale ni watoto wa watu. Si ngazi ya kukupandisha cheo."

Maneno mazito. Nimeyatafakari wakati wa kuoga. Naona anamaanisha kwamba nahitaji kamera moja zaidi.

Jumatatu, 10 Februari

Leo sitatia chumvi.

Saa ya kurudi nyumbani, mama mmoja, mhudumu wa duka la dawa, alikuja kumchukua binti yake wa darasa la kwanza. Yule yule mwenye kidoti. Mtoto hayupo kwenye mstari. Hayupo darasani. Hayupo chooni. Mkoba wake umening'inia kitini.

Mwanzoni watu walitembea. Baadaye wakaanza kukimbia. Nilimsikia mama akiita jina la mwanawe, mara ya kwanza kwa hasira kidogo, kama mzazi anavyomwita mtoto anayechelewesha safari, na baadaye kwa sauti nyingine kabisa. Mkuu akanigeukia mbele ya wote. Akasema kama mitambo ile ina maana yoyote, maana yake ni sasa hivi.

Nilikimbilia stoo. Nikakaa. Nikarudisha picha nyuma. Watoto mia na zaidi wenye sare moja, wakipishana langoni, wote wadogo, wote vichwa vya kufanana. Nikatafuta. Kisha nikaona: mtoto wa kike, mkono wake umeshikwa na mwanamume aliyevaa kofia, wanatoka langoni kwa haraka, hawageuki nyuma.

Nikatoka nikitangaza kwamba nimeona. Amechukuliwa na mwanamume mwenye kofia!

Laiti ningesema polepole. Mama wa mtoto akakaa chini kwenye kokoto. Mlinzi na walimu wawili wakatimua mbio barabarani. Mkuu akaanza kupiga simu polisi. Walimu wakamkuta mwanamume mwenye kofia kwenye kona ya pili, wakamzingira. Alikuwa mwoka mikate. Kofia ni ile yake ya kazini. Mtoto ni binti yake mwenyewe, na alikuwa analia kwa sababu walimu wake wamemzingira baba yake.

Wakati huo Bi Uthibitisho hakukimbia popote. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mtoto aliyebaki langoni, anayekaa dawati moja na huyo aliyepotea, akimuuliza kwa sauti ya kawaida rafiki yake leo alisema anataka kwenda wapi. Mtoto akajibu kwamba alitaka kuona televisheni ya Kamanda.

Tulifungua mlango wa stoo. Alikuwa amelala juu ya magodoro ya sarakasi, nyuma kabisa ya kiti changu, feni inampepea, kidole mdomoni. Alikuwa pale muda wote. Nilipokuwa narudisha picha nyuma, nilipokuwa natafuta kwa jasho, alikuwa anapumua nyuma ya shingo yangu.

Mama yake alimnyanyua bila kumwamsha. Hakupiga kelele. Alisimama pale, kichwa cha mtoto begani, akazitazama skrini zangu moja baada ya nyingine, kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu," akasema, "ulikuwa unatazama nini muda wote huo?"

Walipoondoka nilikaa kwenye yale magodoro. Bado yalikuwa na joto lake.

Baadaye. Nimekunywa chai, kichwa kimetulia. Ukilitazama jambo lenyewe kwa haki, mtoto alikutwa ndani ya chumba cha usalama. Yaani alikuwa mahali salama kuliko pote shuleni. Na nani aliyekijenga chumba kile?

Jumatano, 12 Februari

Kikao cha kuamua. Nilivaa suti ya harusi. Kiuno kimebana, lakini suti inakuweka wima.

Nilipanga kumwacha Bi Uthibitisho atangulie na vijilango vyake, kisha mimi nishushe ripoti ya Jicho, isiyoguswa na mkono wa binadamu, kwenye projekta. Shemeji alikuja kuunganisha nyaya. Tumepatana kibiashara, si kifamilia.

Bi Uthibitisho akazungumza kwa kifupi. Makomeo ya ndani kwenye kila mlango wa darasa. Redio za mkononi kwa walimu wa zamu, ili mtu wa veranda aweze kuzungumza na mtu wa lango. Kadi yenye picha kwa kila mzazi au mlezi anayekuja kuchukua mtoto, na bila kadi mtoto hatoki, hata aje mjomba wa rais. Taa na uzio kwenye kichochoro cha vyoo. Kamera moja langoni, ya kawaida, isiyofikiri, na picha zake zifutwe zikishakaa muda uliokubaliwa na wazazi. Halafu mazoezi, watoto na walimu, ya nini kifanyike kengele ikilia. Alisema kifaa ambacho hakuna aliyefundishwa kukitumia ni pambo.

Mwoka mikate aliinamisha kichwa kukubali kila hoja. Nikajua ni shingo tu, kwa sababu ya godoro.

Ikafika zamu yangu. Nilizungumza vizuri. Nilisema dunia imebadilika. Nilisema adui hapigi hodi. Nikasema sasa mtambo wenyewe, kwa haki na bila upendeleo, utatuonyesha mtu hatari kuliko wote aliyeonekana ndani ya shule hii tangu siku ya kwanza. Nikabonyeza.

Picha ya kwanza: mtu nyuma ya tangi la maji, kichwa kimetokeza nusu.

Ya pili: mtu yule yule amechuchumaa chini ya dirisha la darasa la kwanza.

Ya tatu: mtu yule yule kati ya aproni mbili za mpishi.

Ya nne ilikuwa ya Alhamisi. Mtu yule yule anachungulia veranda, anarudi, anachungulia, anarudi. Sikujua mimi nina kipara upande wa nyuma. Kamera za shemeji ni nzuri sana.

Picha ziliendelea. Nilibonyeza kila kitufe. Shemeji alininong'oneza kwamba haziwezi kusimamishwa, ni sehemu ya uaminifu wa mtambo. Chini ya kila picha kulikuwa na maandishi mekundu: anavizia, anavizia, anavizia. Mwishoni ikaja picha kubwa ya uso wangu na alama za kutiliwa shaka mia kwa mia. Yule mgeni wa Ijumaa, aliyedanganya mpaka jina la mtoto, alipata sifuri.

Mwoka mikate alicheka hadi akashika mgongo. Bi Uthibitisho hakucheka, lazima niseme ukweli. Alitazama chini na kupanga upya kalamu zake. Mkuu akasubiri vicheko viishe, kisha akaniuliza kwa utaratibu nilikuwa nafanya nini chini ya dirisha la watoto wadogo.

Nikajibu, "Usalama, Mkuu."

Akasema kwamba kama mzazi yeyote angeiona picha ile bila kunijua, leo ningekuwa naulizwa na watu wengine, tena si kwa upole. Akasema pia ananijua, na anajua sina nia mbaya na watoto hata kidogo. Nia yangu mbaya iko kwenye kiti chake. Alisema hivyo hivyo. Kamati ikasikia.

Kura zikapigwa. Nilinyoosha mkono ili niombe muda zaidi, mkono ukahesabiwa. Mpango wa Bi Uthibitisho umepita bila kupingwa.

Baada ya kikao Mkuu aliniita pembeni. Nilidhani ni barua ya onyo. Badala yake aliniuliza kama ningeweza kusimamia lango na kadi za wazazi, asubuhi na jioni, kwa sababu, kwa maneno yake, sijawahi kukosa siku hata moja kazini na watoto hunipungia mkono wanaponiona. Akataka nisimame mahali ninapoonekana. Alilitilia mkazo sana neno hilo.

Nimerudi nyumbani nikamweleza mke wangu kwamba nimepewa lango lote. Akaniuliza kama nimemwomba kaka yake radhi. Nikasema nitamwomba. Akasema simu iko pale. Basi nikampigia. Shemeji akapokea radhi zangu na kuniuliza kama najua mtu anayehitaji king'ora cha gari.

Jumatatu, 3 Machi

Makomeo yamefungwa. Kadi zimetengenezwa. Redio zinafanya kazi, ingawa mpishi ameomba moja na hutangaza mboga inapoiva. Wiki iliyopita bwana mmoja alikuja kumchukua mtoto bila kadi, akasema ni baba mdogo. Nilimwomba asubiri, nikazungumza na ofisi kwa redio, mama wa mtoto akapigiwa, akasema hakumtuma mtu. Bwana akaondoka mwenyewe kabla sijamaliza kuzungumza. Mtoto hakujua lolote, alikuwa anakula embe. Mkuu alinishika bega. Bi Uthibitisho akaniambia, "Umefanya sawasawa," na hakuuliza uthibitisho.

Mtu mwingine angeridhika hapo.

Mimi nimeliona pengo. Kadi ni kwa wazazi. Je, walimu? Mtu yeyote anaweza kujifanya mwalimu. Kwa hiyo leo, kwa mamlaka yangu ya lango, nimeanzisha neno la siri. Linabadilika kila siku. Nalitunga asubuhi, namnong'oneza mlinzi, na kuwanong'oneza walimu mmoja mmoja wanapofika. Mlinzi nimemfundisha mwenyewe. Saluti marufuku. Bila neno, hakuna kuingia, awe nani, awe na cheo gani, hata akitaja jina langu. Nilimrudishia somo hilo mpaka macho yakamtoka.

Asubuhi nilimpa neno. Kisha nikatoka nje ya lango kuwapokea walimu, mlinzi akafunga nyuma yangu kama alivyofundishwa. Mwalimu wa kwanza akafika. Nikainama sikioni mwake kumpa neno.

Halikuja.

Lilikuwa neno zuri. Lilikuwa na herufi ya k. Nilijaribu kabati, kasuku, karafuu, kikokotoo. Mlinzi kutoka ndani alikuwa anatikisa kichwa kwa heshima. Walimu wakaongezeka. Watoto wakajaa nyuma yao. Mpishi na masufuria yake. Nikamwambia mlinzi mimi ni Kamanda. Akasema alionywa kwamba mtu angekuja na kusema hivyo hasa. Mkuu akafika. Mlinzi akamtaka neno na yeye. Bi Uthibitisho alisimama kando ya ukuta na kunitazama, akafungua mdomo kuuliza jambo, akaufunga. Mwishowe Mkuu alitoa ufunguo wake wa mlango mdogo wa jikoni, shule nzima ikaingia kwa mstari mmoja ikipita kati ya magunia ya unga, na kipindi cha kwanza kikaisha kabla watoto wa mwisho hawajaketi.

Mkuu ameniita ofisini kesho. Sina wasiwasi hata chembe. Nitamweleza jambo moja lililo wazi kabisa: leo, kwa mara ya kwanza katika historia ya shule hii, hakuna mtu mbaya hata mmoja aliyeweza kupita langoni. Wala mzuri. Kama hata aliyeutunga mfumo hawezi kuupenya, nani mwingine ataweza?

Kesho maneno yatakuwa mawili.